Kushika Maji

Mita 800 za kuogelea za wanawake hazina bahati na televisheni. Zinachukua dakika nane na ushei, na kwa dakika sita za mwanzo mtangazaji huwa hana la kusema. Basi atasoma orodha ya medali, atataja umri wa kila mmoja, atatupeleka jukwaani kumwona mzazi fulani akipepea bendera, kisha yataingia matangazo. Kinachopendwa ni mita 50: mlio, mruko, povu, kelele, kwisha. Sina ugomvi na wanaopenda povu. Ila mtu akitaka kuona kuogelea kunavyofanywa, aje kwenye 800. Huko mwendo ni ule ule kwa muda mrefu, jicho linapata nafasi ya kutua, na kosa dogo likirudiwa mara mamia halina pa kujificha.

Chukua fainali ya ubingwa wa dunia wa Singapore, Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, usiku kwao na mchana kwetu Kisangani. Katie Ledecky wa Marekani, miaka 28, alikuwa na rekodi ya dunia aliyoiweka Mei mwaka huo huko Fort Lauderdale, 8:04.12. Summer McIntosh wa Kanada, ambaye hakuwa ametimiza miaka 19, alikuwa ameshashinda dhahabu tatu wiki ile ile na kila mtu alisema anakuja kumng'oa mkubwa. Lani Pallister wa Australia, binti wa mama aliyeogelea Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, hakutajwa sana. Ledecky aligusa ukuta kwa 8:05.62, Pallister kwa 8:05.98, McIntosh kwa 8:07.29. Ukipiga hesabu, baada ya mita 800 kati ya wa kwanza na wa pili palikuwa na sentimita 60 hivi, pungufu ya urefu wa mkono mmoja. Wa tatu alikuwa nyuma kwa mita mbili na robo tatu. Kwa Ledecky lilikuwa taji la saba la dunia katika umbali huo huo. La kwanza alilitwaa Barcelona mwaka 2013, na mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameshapata dhahabu ya Olimpiki ya London akiwa na miaka 15.

Hayo ni matokeo. Yamo katika magazeti na kila mtu anaweza kuyasoma. Mimi nilibaki na namba nyingine: wastani wa sekunde 30.35 kwa kila mita 50, mara 16 mfululizo. Hiyo ni karibu kilomita 6 kwa saa. Mtu mwenye haraka akitembea kwa miguu kutoka Mangobo kwenda katikati ya mji anakwenda mwendo huo huo bila kutoa jasho la kutisha. Toleka, yaani teksi yetu ya baiskeli, angempita Ledecky akiwa anapiga soga na abiria. Ndivyo maji yalivyo mazito. Yanapita hewa kwa uzito kama mara 800, na ubaya wake ni kwamba kadiri unavyoongeza mwendo, upinzani unapanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Ukiongeza mwendo maradufu, maji yanakukinza mara nne. Kwa hiyo nguvu peke yake haimfikishi mtu mbali. Kuna wanaume wenye vifua vipana ambao ukiwatupa katika bwawa na wasichana wa miaka kumi na mitatu waliofundishwa vizuri, wataachwa kabla ya ukuta wa kwanza.

Siri iko mkononi, na haikai pale watu wengi wanapoitafuta. Ukimwuliza mtu yeyote ufukoni, atakwambia mwogeleaji anasukuma maji nyuma. Ni kweli nusu tu. Maji yaliyosukumwa nyuma ni nguvu iliyokwenda na maji. Mwogeleaji bora anachotaka ni maji yabaki pale pale yalipo, ayashike, halafu mwili wake upite mbele ya mkono. Wapigapicha wanaoweka kamera chini ya bwawa wametuonyesha jambo ambalo sikuliamini nilipoliona mara ya kwanza: kwa mwogeleaji wa kiwango cha juu, kiganja kinatoka majini karibu kabisa na pale kilipoingia. Kimeingia mbele ya kichwa, kimetokea pembeni mwa nyonga, na bado hakijarudi nyuma kwa lolote la maana. Kilichohama ni yeye.

Watu wa Kisangani tusingepaswa kushangaa. Simama kwenye ufuko wa mto Kongo upande wa Makiso utazame mitumbwi inayovuka kwenda Lubunga, ng'ambo. Siku hizi mingi ina injini, lakini ile ya makafi haijatoweka, na juu kidogo, kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, bado utaona wanaume wamesimama wima katika mtumbwi mrefu wa gogo moja, kila mmoja na kafi lake refu. Mgeni akipewa kafi hufanya lile analodhani ndiyo kazi: anachapa. Maji yanaruka, nguo zinalowa, mtumbwi unayumba palepale. Mwenyeji anainama kidogo, analitumbukiza kafi mbali mbele bila kishindo, analisimamisha, na kwa nukta moja unaona kafi limesimama kama lililochomekwa ardhini, mtumbwi ndio unaolipita. Halafu analichomoa kabla halijaanza kuinua maji, kwa sababu kuanzia hapo anapoteza. Kila kitu ninachokijua kuhusu mtindo huru wa kuogelea, nilianza kukielewa siku nilipokubali kwamba mkono ni kafi na mwili ni mtumbwi.

Sasa uutazame mkono wenyewe taratibu, kwa picha ya chini ya maji. Vidole vinaingia kwanza, mbele ya bega, na nyuma yake kiwiko, karibu katika tundu lile lile, ili viputo vya hewa visiburuzwe kwenda chini. Mkono wenye viputo umeshika hewa, na hewa haishikiki. Kisha kwa kitambo kifupi mkono haufanyi kitu. Unanyooka tu, bega likisogea mbele mpaka linakaribia kugusa sikio, mbavu za upande ule zimefunguka, mwili mzima umelala ubavu kidogo. Mwanafunzi hawezi kuvumilia kitambo hicho. Anaona anapoteza muda, anavuta upesi, na hapo ndipo anapopoteza kweli.

Baada ya hapo linafuata jambo gumu kuliko yote katika mchezo huu. Kiwiko kinabaki juu, karibu na uso wa maji, na sehemu ya mkono iliyo chini yake, kigasha na kiganja kwa pamoja, inainamia chini mpaka vidole vielekee sakafu ya bwawa. Bega halipendi mkao huo. Jaribu ukiwa umekaa: nyoosha mkono mbele, sasa kunja kiwiko bila kukiacha kishuke. Utahisi misuli midogo ya nyuma ya bega inalalamika. Ukikiacha kiwiko kianguke, kama afanyavyo kila anayejifunza na kila aliyechoka, kigasha kinateleza na kuacha kiganja peke yake. Ukikiweka juu, una kafi linaloanzia kiwikoni hadi ncha za vidole. Tofauti ya mtu anayekwenda Olimpiki na mtu anayeogelea kwa afya yake imejificha zaidi hapo kuliko mahali pengine popote, na mtu wa jukwaani haioni kabisa, kwa sababu inatokea chini ya maji.

Katika mita 100 za mwisho za 800 hicho ndicho ninachokitazama. Sitazami nani yuko mbele, natazama kiwiko cha nani kimeanza kushuka. Mabega yakijaa uchovu, kiwiko hushuka kidogo kidogo, mkono unaanza kuteleza, na mwogeleaji, bila kujua, analipa kwa kuongeza idadi ya mikono. Anaonekana anajitahidi zaidi, watu wanashangilia, kumbe anakwenda polepole zaidi. Ledecky amejenga maisha yake juu ya kutofanya hivyo. Wengine wanamsifu kwa mapafu, wengine kwa moyo. Mimi namsifu kwa kiwiko.

Mkono ukishamaliza kazi yake unatoka karibu na paja na kurudi mbele kwa njia ya hewani. Hapo kila mtu ana lake. Wapo wanaoukunja, wapo wanaouzungusha umenyooka. Ledecky ana mwendo usiolingana pande zote, ambao makocha huuita wa farasi anayekwenda mbio: anavuta hewa upande wa kulia, mkono wa kushoto ukisubiri mbele kwa muda mrefu kidogo, halafu mkono wa kulia unakuja haraka kuufidia. Ukisikiliza, ni pigo moja refu na moja fupi. Alijifunza akiwa binti mdogo, kwa kuuiga mtindo wa Michael Phelps. Vitabu vya zamani vilihubiri mikono iwe sawa. Mtu anaweza kuandika sura nzima kuhusu ni kwa nini vitabu vilikosea, lakini kwa kifupi: mwili wa mtu anayevuta hewa upande mmoja hauko sawa, basi kuilazimisha mikono iwe sawa ni kujidanganya.

Kuhusu hewa. Mtu asiyeogelea hudhani ufundi ni kuibana pumzi. Waogeleaji wa mbali hawaibani, wanaitoa. Uso ukiwa ndani ya maji, hewa inatoka puani na mdomoni mfululizo, ili uso ukigeuka kusiwe na kazi nyingine ila kuvuta. Na haugeuki sana. Kichwa kikisonga mbele kinasukuma wimbi dogo, na nyuma ya wimbi hilo, pembeni mwa shavu, panabaki bonde lililo chini ya kimo cha maji ya bwawa. Mdomo unavutia hewa ndani ya bonde hilo. Ukisimamisha picha, utaona jicho moja juu ya maji na jingine chini, nusu ya mdomo imefunguka, na kipaji cha uso hakijainuka hata kidogo. Anayekiinua kichwa kutafuta hewa anaizamisha miguu, kwa kuwa mwili majini ni mti mmoja: ukipanda huku, unashuka kule.

Hapa ndipo maji yetu na maji ya bwawa yanapoachana. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yamesambaa kwa takriban kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na la mwisho ndilo la Wagenia, ukingoni mwa mji. Wavuvi wa pale husimika miti mikubwa katika mashimo ya miamba, katikati ya mkondo, wakaning'iniza mitego ya vikapu yenye umbo la koni, mikubwa kuliko mtu. Watoto wao wanayajua maji hayo kabla ya kuijua shule. Lakini mtu wa maporomoko huogelea kichwa juu, kwa sababu ni lazima auone mwamba, na hapambani na mkondo uso kwa uso, anaukata kwa pembeni ili umpeleke anakotaka. Maji yenyewe ni ya kahawia, ukitumbukiza mkono mpaka kiwikoni huvioni vidole vyako. Yeye anajifunza kwa ngozi ya kiganja. Ajabu ni kwamba makocha wa mabwawa ya vigae meupe, wenye kamera na kompyuta, nao wanazungumzia hisia ya maji kama kitu ambacho hakuna mashine inayoweza kukifundisha, na hufanya mazoezi ya kuikuza: waogeleaji wanaambiwa wakunje ngumi wavuke hivyo bwawa zima, kisha wafungue viganja, na ghafla maji yanakuwa na uzito ambao hawakuwa wakiuhisi.

Wala si kwamba mtindo huu ulitoka Ulaya ukatufikia. Katika karne ya 17 mfanyabiashara Mfaransa, Jean Barbot, aliyepita pwani ya Ghana ya leo, aliandika kwa mshangao kuhusu waogeleaji wa Elmina. Aliona wanatupa mkono mmoja baada ya mwingine mbele, na alipotafuta namna ya kuwaeleza wasomaji wake, alisema ni kama wapigao kafi, tofauti na Wazungu waliosukuma mikono yote miwili kwa pamoja. Miaka zaidi ya mia moja na hamsini baadaye, mwaka 1844, Waojibwe wawili kutoka Amerika ya Kaskazini waliletwa London wakaogelea mbele ya watu kwa mikono ya kupokezana, lakini wenyeji waliona ni ushenzi wa kurusha maji, wakaendelea na mtindo wao wa chura kwa miongo kadhaa. Ndipo wakaja akina Trudgen, aliyejifunza kwa wenyeji wa Argentina, kisha Alick Wickham, kijana wa Visiwa vya Solomon aliyeogelea Sydney mwishoni mwa karne ya 19, na familia ya Cavill iliyoutangaza. Kufikia hapo ukawa ni uvumbuzi. Nayasema haya kwa kupita tu, maana hasira ya historia inaweza kumla mtu akasahau kutazama mbio.

Na wanawake je? Kanuni za mtindo huru zinasema uogelee utakavyo, mradi uguse ukuta na kichwa kitokeze kabla ya mita 15 baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka. Uhuru huo haukuwahusu wao kwa muda mrefu. Walipokubaliwa kuogelea Olimpiki, Stockholm mwaka 1912, walipewa mita 100 na mbio moja ya kupokezana, na Fanny Durack wa Australia aliyeshinda kwa 1:22.2 ilibidi kwanza apambane na chama cha wanawake wa jimbo lake mwenyewe, ambacho hakikutaka wanawake washindane mbele ya macho ya wanaume. Mita 800 wakapewa Mexico mwaka 1968. Mita 1500, ambazo wanaume waliziogelea tangu 1908, ziliwafikia Tokyo, katika michezo iliyofanyika mwaka 2021. Aliyezishinda ni Ledecky, bila shaka. Sababu zilizotolewa miaka yote hiyo zilikuwa za huruma: watachoka.

Maji yenyewe yalikuwa na maoni mengine. Mwili wa mwanamke kwa kawaida huelea vizuri zaidi, miguu haizami upesi, kwa hiyo nguvu kidogo inapotea katika kuinyanyua. Katika mita 50, rekodi ya wanawake iko nyuma ya ile ya wanaume kwa karibu asilimia 13. Katika mita 800 pengo ni asilimia 7 tu, ingawa rekodi ya wanaume ni ya mwaka 2009, wakati wa yale mavazi ya plastiki yaliyopigwa marufuku baadaye. Kadiri umbali unavyorefuka, ndivyo nguvu inavyolipa kidogo na ufundi unavyolipa zaidi. Ningewashauri waliohofia uchovu wayatafakari hayo, lakini wengi wao wamekwisha kufa.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko chati zote. Tarehe 27 Oktoba 1962 Dawn Fraser wa Australia aliogelea mita 100 kwa sekunde 59.9, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika moja, na dunia ya kuogelea ikasimama. Mji wetu wakati huo ulikuwa bado unaitwa Stanleyville. Fraser alimaliza zile mita 100, akapumzika. Ledecky huko Singapore aliogelea mita 100 nane mfululizo, kila moja kwa wastani wa sekunde 60 na saba ya kumi. Yaani alikaa dakika nane karibu kabisa na mpaka ambao mwaka ule mwanamke mmoja tu aliuvuka, tena kwa mita 100 tu. Huwezi kupata hayo kwa chakula bora wala bwawa lenye kina pekee. Mtu alikaa chini akajifunza kupoteza kidogo.

Kugeuka ukutani nitakugusia kwa ufupi kwa sababu ni kazi ya nukta moja. Mita 800 katika bwawa la mita 50 zina kuta 15. Mwogeleaji anajikunja bila kupunguza mwendo, nyayo zinapiga ukuta, anatoka akiwa chali, anajipindua akiwa amenyooka kabisa, kiganja juu ya kiganja, kichwa katikati ya mikono. Hapo ndipo anapokwenda kasi kuliko popote katika urefu mzima, akiwa haogelei. Anayepoteza sehemu moja ya kumi ya sekunde katika kila ukuta anamaliza akiwa amepoteza sekunde moja na nusu. Rudi juu utazame pengo la dhahabu na shaba.

Nisiwadhulumu wa mita 50. Sarah Sjöström wa Sweden aliweka rekodi ya 23.61 huko Fukuoka mwaka 2023, na Paris 2024, akiwa na miaka karibu 31, alichukua dhahabu ya 50 na ya 100. Mkono wake hewani umenyooka, unazunguka kutoka begani, na kwa mbali unaonekana kuyachapa maji kinyume cha yote niliyoyasema. Teremka na kamera chini ya maji utaona kiwiko kile kile juu, kushika kule kule, ila kumefupishwa. Na katika mbio hizo hizo za 50 ndimo tunamowaona wa ukanda wetu. Kirabo Namutebi wa Uganda, aliyebeba bendera ya nchi yake Tokyo akiwa na miaka 16, aliogelea 26.63, rekodi ya taifa. Mshindi wa dhahabu, Emma McKeon, alitumia 23.81. Ni mita tano hivi za maji. Waandishi hupenda kuandika kwamba mwogeleaji wa Kiafrika ametolewa katika mchujo. Mimi nilimtazama jinsi alivyotoka kwenye jukwaa la kuanzia, tundu moja majini, mwili mzima umeingia humo, na nikafikiria idadi ya asubuhi zilizohitajika ili tundu hilo liwe moja.

Maana huo ni ufundi unaohitaji mahali. Anthony Nesty, kocha wa Ledecky huko Gainesville, Florida, alikulia Suriname, nchi ndogo ya mito na misitu, na alipokuwa kijana nchi nzima ilikuwa na bwawa moja la mita 50. Seoul 1988 alishinda mita 100 za mtindo wa kipepeo kwa 53.00, mbele ya Matt Biondi wa Marekani aliyepata 53.01, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea peke yake. Mtu aliyetoka kwenye bwawa moja ndiye leo anayemwambia mwogeleaji mkuu wa dunia kwamba mkono wake wa kushoto umewahi kuvuta.

Kwetu maji hayajawahi kuwa haba. Tuna Kongo, tuna Tshopo, tuna vijito ambavyo havina hata jina kwenye ramani. Na bado abiria wengi wanaopanda zile mashua za mbao tuziitazo balenieri hawajui kuogelea, wanawake na watoto hasa, na kila mwaka mto unatukumbusha. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mashindano ya kuogelea ni mambo ya Wazungu wenye mabwawa, nakubali upande wa mabwawa. Upande wa maji nakataa. Somo la kwanza analopewa mtoto wa Australia au Florida halihitaji vigae: weka uso ndani ya maji, toa pumzi, toa yote, inuka. Rudia mpaka hofu ichoke. La pili ni kulala juu ya maji na kutulia. Kiwiko kinakuja miaka baadaye.

Mbio nyingine kubwa za 800 zikifika, usiwatazame wote wanane. Chagua mmoja, wa njia ya pembeni akikupendeza, umfuate tangu ukuta wa kwanza. Usihesabu sekunde, saa ipo kwa ajili hiyo. Hesabu mikono yake kwa urefu mmoja mwanzoni, kwenye mita 100 hivi, uikumbuke namba. Mwache. Kunywa chai. Akifika mita 650 hesabu tena. Namba ikiwa ile ile, mwendo ukiwa ule ule, umempata mtu anayeshika maji, hata akiwa wa saba. Ikiwa imepanda kwa mitatu au minne, tazama kiwiko cha kushoto kwanza, maana kwa wanaovuta hewa kulia ndicho kinachoanza.